Tusilifukuze Neno "Ingalikuwa" Katika Habari za Kale

Wako walimu na wazee wasomi wasiopenda kumsikia mtoto akiuliza, "Je, kama Hannibal angaliushinda mji wa Rumi, mambo yangalikuwaje?" Mara humkatiza na kumwambia, "Yaliyopita si ndwele. Soma yaliyokuwa, uache yasiyokuwa." Nami nasema kwamba jibu hilo, ingawa limevaa mavazi ya hekima, ni jibu la uvivu, tena lina madhara. Maana mtoto akatazwaye kuuliza hivyo huondoka na fundisho jingine ambalo mwalimu hakukusudia kumpa, yaani, aliyeshinda hakuwa na budi kushinda, na aliyeshindwa alistahili kushindwa.

Ndugu wasomaji, lugha yetu haikupewa "-ngali-" bure. Hata Bwana wetu, alipoikemea miji ya Korazini na Bethsaida, kama tusomavyo katika Mathayo 11, aliwatajia toba ambayo watu wa Tiro na Sidoni wangaliifanya kama wangaliiona miujiza ile. Jambo hilo halikutokea, lakini lilitajwa ili wasikiao wayapime yaliyotokea. Basi neno hilo si uongo. Ni mizani.

Na tuitumie mizani hiyo tuone. Tiro hiyo ndiyo mama wa Karthago. Watu wake walivuka bahari wakajenga mji katika pwani ya kaskazini ya Afrika, mahali palipo leo katika nchi ya Tunisia. Karthago ukawa mji wa merikebu na biashara, ukapigana na Rumi vita vitatu. Katika vita vya pili, vya mwaka 218 hadi 201 K.K., Hannibal aliivuka milima ya Alps pamoja na jeshi lake, na mwaka 216 aliwapiga Warumi huko Cannae. Titus Livius, mwandishi wa Kirumi, ahesabu Warumi waliouawa siku hiyo kuwa kama 48,000. Polybius, Myunani, ataja kama 70,000. Hata hivyo mwisho wake Rumi ulishinda, na mwaka 146 K.K. Karthago uliteketezwa.

Wengi husema, "Ndivyo ilivyopasa kuwa, maana Warumi walikuwa watu wa nidhamu." Lakini hebu tuyatazame mambo ya mwaka 207 K.K. Hasdrubal, ndugu yake Hannibal, alitoka Hispania akaivuka milima ile ile, akiwa na jeshi la kumsaidia nduguye aliyekuwa kusini mwa Italia. Aliandika barua kusema kwamba angekutana naye katika nchi ya Umbria, akawapa wapanda farasi sita, Wagalia wanne na Wanumidia wawili. Watu hao walipita katikati ya adui karibu urefu wote wa Italia, wasikamatwe. Lakini Hannibal alikuwa amehama, nao katika kumfuata walipotea njia, wakafika karibu na Tarentum. Huko walikamatwa na Warumi waliokuwa wakitafuta chakula.

Barua ikafika mikononi mwa Gaius Claudius Nero, mmoja wa wakuu wawili wa Rumi wa mwaka ule. Alichagua askari 6,000 wa miguu na 1,000 wa farasi, akaenda mbio kaskazini kumsaidia mwenzake, akaingia kambini usiku ili adui wasijue. Penye mto Metaurus Hasdrubal alishindwa akauawa. Nero akarudi kusini, na kichwa cha Hasdrubal kikatupwa mbele ya walinzi wa Hannibal. Hivyo ndivyo kaka alivyopata jibu la barua asiyoisoma.

Sasa nawauliza wale wasemao kwamba ilipasa kuwa hivyo: nidhamu ya Warumi ilikuwa wapi wapanda farasi sita walipoikosa njia? Nero alikuwa shujaa, sikatai. Lakini pasipo barua ile hangalijua la kufanya. Tena Rumi wakati ule ulikuwa umechoka. Mwaka 209 K.K. miji 12 katika ile 30 ya Kilatini iliyofungamana nao ilikataa kutoa watu na fedha, ikisema imekwisha kabisa. Kama barua ingalifika, na ndugu wawili wangalikutana, si neno la ajabu kudhani kwamba Warumi wangalitafuta amani, na Karthago ungalibaki na merikebu zake, na kuta zake, na vitabu vyake.

Hapo naishia, wala siendi mbali zaidi. Maana lazima nikiri kwamba wanaolichukia neno "ingalikuwa" wana sababu moja ya haki: wako wanaolitumia vibaya. Wahenga walisema, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Livius mwenyewe alifanya hivyo. Alijiuliza ingalikuwaje kama Alexander Mkuu, aliyekufa Babeli mwaka 323 K.K., angaligeuka kupigana na Rumi. Akawahesabu majemadari wa Kirumi na wingi wa askari wao, na mwisho akakata shauri kwamba Warumi wangalimshinda. Je, Mrumi angalisema nini kingine? Kesi ilikatwa kabla ya kusikiwa.

Miaka mingi baadaye, katika karne ya 18, Mwingereza Edward Gibbon aliviandika vita vya mwaka 732, ambapo Charles Martel, mkuu wa Wafaranki, alilizuia jeshi la Waislamu lililotoka Hispania. Gibbon aliwaza kwamba kama Charles angalishindwa, labda Kurani ingalikuwa ikifundishwa katika shule za Oxford. Tazama jinsi alivyoruka! Wataalamu wengi wa siku hizi huona kwamba jeshi lile lilikwenda kuteka nyara, si kutwaa Ulaya nzima. Kutoka vita vile hadi Oxford kuna mito, na bahari, na wafalme wengi, na miaka mingi; naye aliyavuka yote kwa sentensi moja.

Wala sisi Waafrika tusijione safi. Nimesikia vijana wakisema, "Kama Karthago ungalishinda, Afrika ingalikuwa na heri." Heri ya nani? Polybius aandika kwamba wakati wa vita vya kwanza na Rumi, watawala wa Karthago walichukua nusu ya mavuno ya wakulima wa Libya, na kodi ya miji wakaiongeza maradufu. Vita vilipokwisha, mwaka 241 K.K., Walibya waliasi, na wake zao walivua mapambo yao wakayatoa ili askari wa maasi wapate mshahara. Wewe ulimaye shamba kwa jembe lako, jiweke mahali pa mkulima yule ambaye katika kila magunia mawili moja lilikwenda mjini. Je, ungalimwombea Hannibal ushindi? Yamkini ungalisema kwamba bwana ni bwana.

Basi neno hili lina sheria zake, na atakaye kulitumia azishike. Abadili jambo moja tu, tena jambo ambalo kweli lingaliweza kuwa vinginevyo, kama barua kufika au kutofika. Kisha afuate hatua kwa hatua, akishika hesabu za watu na chakula na njia, na pale ushahidi unapokwisha, naye akome. Tena akiona kwamba kila "ingalikuwa" yake humpendeza yeye na ukoo wake, ajue kwamba anaivuta ngozi.

Lakini kulifukuza neno lenyewe kwa ajili ya wanaolitumia vibaya ni sawa na kuvunja mizani kwa kuwa mwenye duka ni mwizi. Fikirini ni nani anayepata faida mizani ikivunjwa. Karthago ulipoanguka, Warumi waliwagawia wafalme wa Afrika maktaba zake. Kazi moja tu baraza la Rumi liliamuru ifasiriwe kwa Kilatini: vitabu 28 vya Mago juu ya kilimo. Hata hivyo vimepotea, vimebaki vipande vilivyotajwa na wengine. Kwa hiyo karibu yote tuyajuayo ya Hannibal twayapokea kwa Warumi na kwa Wayunani waliokuwa marafiki wa Rumi. Aliyeshindwa hana shahidi barazani. Msomaji asiyejiuliza, "Kama Karthago ungalisalimika na kuandika, ungalituambia nini?" amekwisha kukata kesi kwa kusikia upande mmoja, jambo ambalo hakuna mzee wa kijiji angalikubali katika shauri la mbuzi mmoja.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mtoto akiuliza habari ya Hannibal msimnyamazishe. Mpeni ile barua na wale wapanda farasi sita, mpeni hesabu ya askari na nusu ya mavuno ya Walibya, kisha mwambieni apime mwenyewe. Na ajapo siku moja kuona mtu mwenye nguvu akijisifu kwamba ameshinda kwa kuwa alistahili, atakumbuka ya kwamba dola kuu ilisalimika mara moja kwa sababu watu sita walipotea njia, naye hatatishika upesi.