Kabla ya kutuma pesa ya spea, uliza gari linaugua nini

Simu inaita saa nne asubuhi ukiwa kazini. "Boss, nimefungua. Hii ni pampu ya mafuta. Nitumie elfu saba niichukue, saa nane utakuja kuchukua gari." Unatuma. Saa nane inafika, gari bado. Sasa ni koili. Jioni ni sensa. Kufikia Jumamosi umetuma pesa mara nne kwa namba moja, na gari linakohoa vile vile lilivyokohoa Jumatatu.

Wengi husema fundi kama huyo ni mwizi. Wengine ni wezi kweli, kama walivyo wezi katika kila kazi. Lakini mimi naona lawama kubwa ni yetu wenye magari. Tunakubali kulipia spea. Tunakubali, kwa kunung'unika, kulipia kazi ya mkono. Kitu tunachokataa katakata kulipia ni jibu la swali moja: gari linaugua nini, na umejuaje?

Fikiria fundi mzuri anayetumia saa mbili kufuata waya moja hadi nyingine, mwisho anapata terminali ya betri imelegea. Anaikaza, gari linanguruma. Unamwambia nini? "Si umekaza tu nati, fundi?" Unamrushia mia mbili unaenda zako. Umemfunza kwamba akili yake haina bei, ila spea ina bei. Mara ijayo atakuuzia alteneta. Ukikataa kulipa kichwa chake, atajilipa kwa ile pesa ya juu anayoongeza kwenye spea, na hakuna mtu atakayekuambia ni ngapi.

Kwa hivyo pendekezo langu ni rahisi, ingawa si la bure. Elewana na fundi bei ya kupima peke yake, kabla hajagusa spana. Mlipe hiyo hata akipata kwamba shida ni fyuzi ya shilingi hamsini. Halafu usitume hata ndururu ya spea mpaka akupe jibu lenye sababu.

Jibu lenye sababu linafananaje? Chukua gari linalokataa kuwaka asubuhi, ugonjwa wa kawaida kabisa Limuru au Nyahururu msimu wa baridi. Ukizungusha ufunguo usikie tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, umeme ni mdogo: betri imechoka au terminali zina ule unga mweupe wa kijani. Ukisikia tik moja nzito halafu kimya, na taa zinawaka vizuri, anza kushuku stata. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini haishiki moto, acha betri kabisa, ukaangalie mafuta na plagi. Hizo ni njia tatu tofauti, na hakuna hata moja inayohitaji ununue kitu ndipo ujue.

Betri yenyewe hupimwa kwa kijimita kidogo cha umeme ambacho karibu kila fundi wa waya anacho. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.0, imeisha chaji. Washa injini upime tena: ukiona kati ya 13.5 na 14.5, alteneta inafanya kazi yake. Ikibaki 12 na kitu injini ikinguruma, betri mpya itakufa kama ile ya zamani, na pesa yako imeenda. Kipimo hiki hakichukui dakika tano. Fundi akikuambia "betri imekufa" bila kukutajia namba, muulize namba. Na akitaka kujaribu alteneta kwa kuchomoa waya wa betri gari likiwa linawaka, mkataze. Hiyo ilikuwa mbinu ya magari ya zamani. Magari ya siku hizi yana kompyuta, na umeme ukiruka juu ghafla unaweza kuichoma.

Gari kuchemka ndiko pesa nyingi hupotelea, na hapa nina ugomvi wa miaka na mafundi wetu. Gari likichemka mara moja, wengi hukimbilia kung'oa themostati. "Hii inafaa nchi za baridi, boss, huku joto ni mingi." Si kweli. Themostati ni mlango. Hubaki umefungwa mpaka maji ya injini yafike kama digrii 80 hivi, ndipo hufunguka yaende kwenye rejeta. Ukiing'oa, injini inachukua muda mrefu sana kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza mafuta. Halafu unashangaa kwa nini Vitz yako inakunywa petroli kama lori. Ugonjwa wenyewe uko pale pale: labda feni haizunguki, labda rejeta imeziba, labda mpira unavuja tone kwa tone. Umetuliza homa, malaria umeiacha.

Kuna njia ya kujua kama yako iling'olewa kabla hujalinunua gari. Magari mengi madogo ya Toyota hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikishapata joto. Kama umeendesha kutoka Ruaka hadi mjini na hiyo taa bado ni buluu, uliza themostati iko wapi.

Gari likichemkia barabarani, simama na uzime. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yale yako chini ya shinikizo na yanaweza kukubabua uso na kifua kwa sekunde moja. Ngoja mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuuachilia. Na nyumbani, tumia kulanti. Maji ya kisima, hasa yale ya chumvi ya Pwani na Ukambani, hula chuma kutoka ndani na kuacha ukoko kwenye mirija ya rejeta.

Sasa giaboksi, kwa ufupi kwa sababu kosa hapa ni moja. Fielder, Axio, Note na Fit nyingi tunazoendesha zina giaboksi ya CVT, ile isiyobadilisha gia kwa kishindo. Haitumii ATF ya kawaida. Kila kampuni ina mafuta yake: Toyota ina CVT Fluid TC na FE, Nissan ina NS-2 na NS-3. Fundi akimimina ATF kwa sababu "ni kitu kimoja," gari litaenda vizuri wiki kadhaa kisha lianze kuvuta kwa kuteleza, na giaboksi ya CVT hairekebishwi kwa bei ya chai. Tatizo letu ni kwamba magari haya huja yakiwa yametumika Japani, yakiwa na miaka isiyozidi minane kwa sheria yetu, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Kwa hivyo uliza jina la mafuta, na uone chupa ikifunguliwa mbele yako.

Kuhusu ile taa ya injini kwenye dashibodi: mashine ya kupima hutoa kodi, na kodi si hukumu. P0171, kwa mfano, inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Inaweza kuwa mpira uliopasuka unaonyonya hewa, inaweza kuwa sensa ya hewa yenye vumbi, inaweza kuwa pampu dhaifu. Mtu anayesoma kodi na kutaja spea papo hapo amebahatisha. Fundi anayesema "nipe saa moja nitafute inapovuja" ndiye wa kulipwa. Na wapo wengi wa aina hii, wengine wamekaa chini ya mti Kitale au Voi bila mashine yoyote, wanasikiliza injini kwa sikio na bisibisi ndefu.

Breki sitaki mzaha nazo. Mlio mwembamba wa chuma ukikanyaga ni pedi zinakuomba uzibadilishe. Mlio wa kusaga ni kwamba pedi zimeisha na sasa unakula diski. Mafuta ya breki yakipungua polepole kwenye kikopo chake, mara nyingi ni dalili ya pedi kuisha, na anayeongeza tu bila kuangalia magurudumu anakuficha habari. Mafuta hayo pia hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana huhitaji kubadilishwa karibu kila miaka miwili hata kama hayajapungua. Mafuta yenye maji hutokota breki zikipata moto, na kanyagio linazama hadi chini. Sasa pakia watoto watatu, shosho, gunia la viazi na mizigo ya Desemba, uteremke kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu mguu ukiwa juu ya breki njia nzima. Teremka kwa gia ndogo, S au B au L kulingana na gari lako, na ufanye hiyo kazi ya breki wiki mbili kabla ya safari, si jioni ya kuamkia. Fundi anayekimbizwa usiku hapimi kitu, anafunga tu.

Turudi kwa pesa, maana hiyo ndiyo kazi yetu hapa.

Spea inunue wewe, hata ukiwa umekaa ofisini. Fundi akishakupa jibu, mwambie akuunganishe na mwenye duka kwa simu, iwe Grogan, iwe mtaa wenu. Mtajie muuzaji modeli na namba ya chasisi, maana Fielder mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutumia pedi tofauti. Uliza bei. Lipa moja kwa moja kwa till ya duka, na uangalie jina linalotokea kabla hujaweka PIN. Kama umeambiwa duka fulani na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama hapo hapo upige simu. Fundi atachukua spea na kuifunga. Mlipe kazi yake kando, kwa namba yake, na ulipe vizuri.

Wengine watasema hivi ni kumdharau fundi. Nadhani ni kumheshimu. Hahitaji tena kuficha mapato yake ndani ya bei ya kitu, na gari likileta shida tena mnajua wote wawili kama iliyoharibika ni spea au ni kazi. Kuna fundi atakayekataa mpango huu kabisa. Huyo naye amekupa jibu, na hujalipa chochote kulipata.

Usifute ujumbe wa malipo. Una tarehe, kiasi, namba ya muamala na jina la aliyelipwa, na mwaka mmoja baadaye ukiupekua unajua pedi ziliwekwa lini. Ambatanisha na picha mbili: spea ya zamani kando ya mpya, na kilomita kwenye dashibodi. Mtu akinunua gari lako kesho, hiyo ndiyo historia ya sevisi ambayo magari mengi hayana.

Ujumbe huo pia ni ushahidi. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari, na inamtaka mkarabati akupe makadirio ya gharama kabla ya kazi na akupe nafasi ya kurudishiwa vipande vilivyotolewa. Tangu 2021 tuna pia Mahakama ya Madai Madogo, ilianzia Milimani, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Lakini huwezi kwenda pale na maneno ya "nilimtumia tu pesa." Ukiwa na makadirio aliyokuandikia kwenye WhatsApp na malipo yenye jina na tarehe, una kitu cha kumwonyesha hakimu.

Na ili usijikute unakopa saa nne asubuhi ndio gari litoke gereji, weka pesa ya gari kando kila wiki, kwenye akiba ya simu ambayo hutumii kununulia mboga. Hesabu ni hii: ukiendesha kilomita 250 kwa wiki, unafika kilomita 5,000, wakati ambao wengi hubadilisha oili, baada ya wiki 20. Ukitenga 500 kila Ijumaa utakuwa na 10,000. Kwa gari dogo hiyo mara nyingi hutosha oili, filta na fundi, na ibaki kidogo ya kulipia saa moja ya kupima. Panga itoke yenyewe siku ya mshahara kama unalipwa kwa mwezi. Sevisi ikiisha, chupa ya oili iliyobaki tupu itoboe kabla ya kuitupa, manake kuna watu wanaziokota, wanazijaza oili chafu iliyochujwa na kuzirudisha sokoni zikiwa na nembo ile ile.