Uvira–Baraka: Batri zinakufa mapema, lakini si kosa la batri peke yake

Kwenye parkingi za muji wa Uvira, na njiani kuelekea Baraka, kuna jambo ambalo abiria wamezoea wakati wa kiangazi: kushuka na kusukuma taksi ili iwake. Madereva wengi wanasema batri za siku hizi ni feki. Feki ziko kweli, hakuna anayekatala. Lakini batri nyingi zinazotupwa huku bondeni zimeuawa na vitu viwili ambavyo mutu hawezi kuona kwa macho: joto, na alternatere isiyochaji vizuri. Mwenye gari anayenunua batri mpya bila kupima alternatere anaweza kurudi dukani kabla mwaka haujaisha.

Tuanze na joto. Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Uvira iko chini ya metre 800. Gari ikiteremka Kamanyola na kuingia bonde la Ruzizi, imebadilisha hewa kabisa. Mchana joto linapita digri 30 kivulini, na chini ya kapo, karibu na motere, linaweza kupita 60. Mafundi wana hesabu yao: kila digri 10 zinazoongezeka juu ya 25 zinapunguza maisha ya batri karibu nusu. Ndani ya batri asidi inafanya kazi haraka kupita kiasi, maji yanakauka, vibao vya madini ya risasi vinaliwa pole pole. Ndiyo sababu batri ya aina moja, kutoka duka moja, inadumu Bukavu na inakufa mapema Uvira.

Sasa alternatere, ile wengine wanaita dinamo. Kazi yake ni kurudisha umeme ambao demarere imekula wakati wa kuwasha. Nayo pia haipendi joto. Nyaya zake za shaba zikipata moto, inatoa umeme kidogo kuliko ile iliyoandikwa juu yake. Vumbi la barabara linaziba matundu inayopumulia. Mukanda ukilegea, unateleza na kupiga kelele, na alternatere inazunguka nusu nusu. Ongeza taa mbili za mbele za wati 55 kila moja, ambazo peke yake zinakula karibu ampere 9, ongeza feni, redio kubwa, na simu tano za abiria. Gari ikisimama kwenye kizuizi motere ikiwa inanguruma pole pole, umeme unaotoka unazidi unaoingia. Hapo gari inakula akiba ya batri, na dereva hana habari.

Kuna tena desturi moja ya garaji ambayo inaharibu zaidi kuliko joto. Fundi anawasha gari, halafu anatoa waya ya batri motere ikiwa inazunguka. Motere isipozimika, anasema alternatere ni nzima. Kwa magari ya zamani sana jambo hilo lilikuwa na maana kidogo. Kwa magari ya leo, mengi yanayofika hapa tayari yametumiwa ngambo, umeme unaruka ghafula na unaweza kuchoma diodi za alternatere, hata kompyuta ya gari. Mutu alileta ugonjwa mumoja, anarudi na mbili.

Kipimo cha volti kinamaliza ubishi huo kwa dakika chache. Gari ikiwa imezimwa usiku kucha, batri nzima inaonyesha karibu 12,6. Ikionyesha 12,4, imebaki na karibu robo tatu. Motere ikiwaka, kipimo kipande kati ya 13,8 na 14,5. Kikibaki 12 na kitu, alternatere haichaji, na batri mpya haitasaidia kitu. Kikipita 15, regilatere imeharibika na inachemsha batri. Harufu kama ya yai bovu ni dalili ya jambo hilo.

Swali gumu ni nani analipa. Madereva wengi si wenye gari. Kila jioni wanapeleka pesa kwa patroni, na batri ikikufa wengine wanaikata kwenye mfuko wao. Basi dereva anatafuta ile ya bei ya chini, patroni hataki kusikia habari ya alternatere, na hasara inarudi pale pale. Abiria naye analipa kwa njia yake: gari inayozimika kati ya Makobola na Mboko jua likiisha kuzama si jambo la kuchekesha kwa mutu anayejua barabara ile.

Kuongeza maji pia ni tatizo. Maji ya ziwa au ya kisima yana chumvi na madini yanayoharibu vibao. Batri inataka maji safi ya batri, yale yasiyo na kitu ndani. Na asidi haiongezwi kila mara maji yakipungua, maana kinachokauka ni maji, asidi inabaki.

Tena, duka lenyewe. Batri iliyokaa miezi mingi chini ya mabati ya moto inajitoa umeme yenyewe na kuzeeka kabla ya kuuzwa, hata kama plastiki bado inang'aa. Mununuzi ana haki ya kuomba ipimwe mbele yake kabla ya kutoa dola zake. Chini ya 12,4, muuzaji aichaji kwanza au alete ingine.