Tumbo Halifichiki

Utaratibu haubadiliki sana. Baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya taarifa ya ujenzi, mzee wa kanisa anasoma jina la msichana kutoka kwenye karatasi. Msichana anasogea mbele, macho chini, kanga mbili begani ingawa kuna joto. Anaulizwa kama anakiri kwamba amemkosea Mungu na usharika. Anajibu kwa sauti isiyofika hata benchi la tatu. Usharika unaulizwa kama unamsamehe, unaitikia kwa pamoja, wimbo unaimbwa, basi, amerudi kundini. Wiki ijayo anaweza kushiriki meza ya Bwana. Hapo ni baada ya miezi kadhaa ya kutengwa, kuvuliwa sare ya kwaya, na pengine kuambiwa kwamba mtoto atasubiri ubatizo hadi mama "atengeneze".

Nimekulia katika makanisa ya Kiprotestanti yenye desturi hii, na sasa, nikisoma shahada ya uzamili, bado nakutana na wasomi wenzangu wanaoitetea kwa jina la maadili. Mimi naiita uzushi. Nalitumia neno hilo nikijua uzito wake.

Mwaka 1517 Martin Luther alitoa hoja 95 kule Wittenberg kupinga biashara ya vyeti vya rehema, ambavyo Johann Tetzel alikuwa akivihubiri kama mchuuzi anayenadi nguo za mitumba. Watu hukumbuka sehemu ya fedha. Hoja ya kwanza kabisa haizungumzii fedha; inasema maisha yote ya mwamini yanapaswa kuwa toba. Yote, na ya kila mwamini. Sasa ukilikubali hilo, nani aliyebaki na haki ya kuketi kwa starehe wakati mwingine amesimamishwa? Tumeondoa bei ya sarafu, tukaweka bei ya aibu, na bei hiyo tunamtoza mtu mmoja tu.

Maana mwanamume yuko wapi? Mara nyingi yumo humo humo kanisani, anaimba besi. Waliomleta yule mwanamke kwa Yesu, katika Yohana sura ya 8, walidai amefumaniwa katika tendo lenyewe, lakini walifika na mtu mmoja. Mambo ya Walawi 20:10 inawataka wote wawili. Hata sheria waliyokuja nayo mkononi walikuwa wameikata nusu, na nusu hiyo ndiyo tuliyoirithi.

Halafu kuna jambo ambalo wasichana wa kwaya wanalijua vizuri kuliko mchungaji. Aliyelala na mpenzi wake na hakushika mimba hasomwi kwenye karatasi. Aliyeshika mimba, akanywa dawa gizani peke yake, akanusurika, anaendelea kuimba sauti ya kwanza. Anayesimamishwa ni yule aliyeamua kuzaa. Tumeweka adhabu juu ya tumbo, kwa kuwa tumbo halifichiki, kisha tunashangaa wasichana wanapojifunza kuficha. Kiswahili kinatofautisha hatia na aibu, na kanisa lingefaa kuisikiliza lugha yake. Hatia ina dawa, nayo ni msamaha. Aibu haitoki kwa kuitikiwa na watu mia tatu. Inakaa sokoni na kisimani, na siku ya harusi ya dada yake bado ipo.

Toba ya hadharani haikuanza hivi. Mwaka 390, baada ya askari wa Kaisari Theodosius kuwaua watu wa Thesaloniki kwa wingi, Ambrose, askofu wa Milan, alimzuia Kaisari asishiriki Ekaristi hadi atubu mbele ya kanisa. Kaisari akatubu. Chombo kile kilikuwa na makali ya kumgusa mtu mwenye jeshi.

Karibu nasi zaidi kuna Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe pale Kampala, Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, alikaa na Simeoni Nsibambi wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Moto uliofuata ulienea miaka ya 1930 hadi Kenya na Tanganyika. Watu walikiri hadharani, naam, lakini wamisionari Wazungu nao walisimama wakakiri kiburi chao na dharau yao kwa Waafrika. Uamsho ulikuwa na vituko vyake, wapo waliopimana wokovu kwa urefu wa ushuhuda, lakini ndani yake toba ilishusha vyeo. Sisi tumeichukua sauti ile ya kukiri tukamwachia mtu asiye na cheo chochote cha kushushwa.

Watetezi wa desturi hii wana hoja, na si ya kupuuza: neema si kibali cha kutenda dhambi. Wanaosoma zaidi humleta Dietrich Bonhoeffer, ambaye mwaka 1937 aliandika dhidi ya neema rahisi, msamaha unaotolewa bila toba. Sawa. Tuitafute basi hiyo neema rahisi katika sharika zetu. Nani anaipata? Mtunza hazina aliyekula fedha za jengo huitwa ofisini, wanazungumza kimya kimya "ili kanisa lisiaibike". Mheshimiwa ambaye kila mtu anajua alivyopora kiwanja cha mjane hukaribishwa kuongoza harambee, na mnada wa baada ya ibada humsubiri yeye. Bonhoeffer, aliyenyongwa Flossenbürg Aprili 1945 kwa kuupinga utawala wa Hitler, hakuwa akifikiria binti wa kidato cha nne. Na Yesu katika Mathayo 18 aliweka hatua: kwanza nenda kwake peke yako, kisha chukua mmoja au wawili, na akikataa ndipo uliambie kanisa. Msichana huyu hakukataa lolote. Alirukishwa hatua mbili.

Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana walioacha shule kwa ujauzito warudi darasani baada ya kujifungua. Wizara haihubiri neema, lakini mlango wake uko wazi, na wa kwetu bado una karatasi ya kusomwa.

Baraza la wazee linaweza kuifuta desturi hii katika kikao kimoja. Likishindwa, basi orodha ya Jumapili ianze na daftari la hazina, ifuate hati za viwanja, na mabinti wawe wa mwisho. Mtoto akiletwa, abatizwe Jumapili hiyo hiyo, na jina la baba liandikwe kwenye kitabu cha ubatizo hata kama ni mjumbe wa kamati ya ujenzi.