Baiskeli za Umeme Zimefika Diani. Njia ya Pwani ni ya Nani?

Msomaji mpenzi, usinicheke. Mimi niliyepita umri wa miaka hamsini, mwenye magoti yanayolia kila nikiinuka kutoka kwenye sijida, Jumamosi iliyopita nilipanda baiskeli nikatoka nayo Kinondo hadi mdomo wa Mto Mwachema, na Alhamdulillahi nikarudi nyumbani mzima. Lakini si baiskeli ile uijuayo wewe. Hii ina betri na mota, na ukiikanyaga kidogo yenyewe hukuongezea nguvu, kama kwamba kuna mtoto mwenye bidii anayekusukuma kwa nyuma.

Safari hizi zimekuwa biashara siku hizi huko Diani. Wageni hukusanywa asubuhi, kila mmoja hupewa baiskeli yake na kofia ngumu ya kichwani, na kijana mwenyeji huwatangulia akiwaonyesha nchi. Nilikuwa nikizisikia muda mrefu na kusema moyoni kwamba huo ni mchezo wa watalii tu. Mpwa wangu ndiye aliyenichokoza. "Mjomba," akaniambia, "wewe huandika habari za pwani kila siku. Je, hiyo Diani umeitembea lini mara ya mwisho?" Sikuwa na jawabu. Huenda Kwale kwa mazishi na kwa harusi, nikapita Ukunda ndani ya matatu, macho yangu barabarani.

Wala baiskeli si kitu kigeni kwetu. Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu wa Kur'ani alikuja kwa Black Mamba, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni isije ikaliwa na mnyororo, bakora ameifunga nyuma kwenye keria. Kengele yake tuliijua kwa mbali, na kila mtoto alikuwa ameshafunua juzuu yake kabla gurudumu halijafika mlangoni. Sisi wenyewe tulijifunza kwa baiskeli za kukodi, kwa saa. Na kwa kuwa miguu haikufika chini, tulipenyeza mguu mmoja chini ya lile bomba la juu tukaendesha tumepinda ubavu kama kaa. Kovu la goti langu la kushoto ni la siku hizo.

Hii ya sasa nilipewa maelezo yake na kijana kiongozi wetu, Mdigo wa Ukunda, mpole wa maneno, aliyeniita "mzee" tangu mwanzo hadi mwisho. Betri hutiwa chaji kwa umeme wa nyumbani kama simu. Mota haiendi peke yake. Hungoja miguu yako. Ukikanyaga husaidia, ukiacha nayo huacha. Katika nchi nyingi za Ulaya sheria huitaka ikome kusaidia ifikapo mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Haina moshi, haina kelele, na umeme wetu wa Kenya sehemu yake kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwenye maji na kwenye upepo, kwa hivyo hata ile chaji yenyewe si moshi uliofichwa mahali pengine. Adui yake ni chumvi. Kila jioni, alisema kijana, huziosha zote kwa maji baridi, kwani bahari hula chuma.

Nilivua kofia yangu ya viua nikaitia mfukoni, nikavaa ile ngumu. Sikujitazama kwenye kioo.

Tulikuwa watano. Mtu na mkewe kutoka Uholanzi, nchi ambayo baiskeli zake ni nyingi kuliko watu wake, na hao walipanda kama waliozaliwa juu ya tandiko. Wa nne alikuwa kijana wa Nairobi aliyekuja kwa treni, maana tangu reli mpya ifunguliwe mwaka 2017 ndugu zetu wa bara wanateremka pwani kwa wingi, na hilo ni jambo la heri. Hata hivyo yeye ndiye aliyeanguka wa kwanza, nami nikashukuru kimyakimya kwamba sikuwa mimi.

Tulianzia Kaya Kinondo. Baiskeli tuliziacha nje, tukafungwa kaniki nyeusi viunoni, na mzee wa kaya akatutangulia. Huu ni msitu mdogo, lakini ni miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mimi ni Mwislamu, na mipaka yangu ya ibada naijua. Hata mzee yule mwenyewe, kama walivyo Wadigo wengi, ni Mwislamu. Lakini kaya ni mji wa wahenga kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na sheria yake kwamba hutoki na kitu, hata kijiti kikavu, ndiyo iliyoiweka miti ile hai huku misitu mingine iliyoizunguka ikigeuka kuwa viwanja. Mholanzi mwanamume aliinama kuokota mbegu nzuri nyekundu. Mzee hakusema neno, alimtazama tu. Mbegu ikarudi chini.

Kutoka hapo tukashuka pwani. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari imetulia, maji yamekupwa, na mchanga uliolowa ulikuwa mgumu kama sakafu. Wallahi, msomaji, nilisahau magoti. Upande wa kulia mwamba ulikuwa umejitokeza, watu wakichokoa pweza kwenye mashimo, ngalawa zimelala ubavu zikingoja maji. Upande wa kushoto mivinje na minazi. Kijana alitukanya tusipande juu kwenye mchanga mkavu. Nilidhani anaogopa magurudumu yatakwama, kumbe sababu yake ni kasa. Kasa hutaga mayai yake juu ya mstari wa maji makuu, akayafukia, na gurudumu likipita juu yake linaushindilia mchanga, hata watoto wakashindwa kutoka. Nilifurahi kulisikia neno hilo kwa kijana wa Ukunda, na kulisikia kwa Kiswahili safi, kisha akaligeuza kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni.

Tukaendelea hivyo hadi Galu na kuingia Diani yenyewe, na hapo ndipo jambo lililonifanya nikaandika makala hii lilipotokea.

Maji yalianza kujaa. Pwani ile mbele ya mahoteli ina mahali ambapo maji yakijaa huja kupiga ukuta wenyewe, na mtu hana pa kukanyaga. Kijana akasema tutoke sasa, twende barabarani. Njia aliyoizoea ilikuwa imefungwa kwa mabati. Tukaenda ya pili, yenye lango na bawabu. Bawabu akawafungulia Waholanzi kwa tabasamu na "karibuni". Kijana wa Nairobi akapita nyuma yao. Mimi nilipofika akanyosha mkono. "Wewe unakwenda wapi, mzee?"

Nikamwambia nakwenda barabarani. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia nimetoka baharini, kwani kuna mahali pengine pa kutoka? Hakucheka. Yule mama wa Kiholanzi akageuka akamwambia, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba huyu yuko pamoja nasi. Bawabu akaniachia.

Nimelifikiri jambo hilo wiki nzima. Bawabu simlaumu, ni mtoto wa mtu aliyepewa amri na mshahara mdogo. Hoteli siitaji jina, kwani si hiyo moja. Lakini mimi, ambaye mababu zangu wamezikwa pwani hii, nilipita kwa dhamana ya mgeni aliyeshuka ndege siku tatu zilizopita. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi siku hiyo nilipona kweli.

Na sheria inasemaje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imetaja waziwazi kwamba ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Yaani ule mchanga mgumu tulioupanda asubuhi ni wako wewe, msomaji, na wa mvuvi, na wa mtoto wa Mvumoni. Lakini haki ya kuwa pwani bila njia ya kufika pwani ni haki gani? Hukupwa na kujaa pamoja na bahari: saa sita unayo, saa nyingine sita imefunikwa na maji, na ukuta uko nyuma yako. Wavuvi wa Diani wanalijua hili kuliko mimi. Mtu aliyevua usiku kucha hawezi kuzunguka na kapu la samaki hadi kijia cha mbali kwa sababu kile cha babake kimejengewa nyumba ya likizo.

Najua watakaonijibu. Watasema mahoteli yanalisha watoto wetu, na ni kweli; mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoyafunga, Ukunda nzima ilinywea, na vijana waliokuwa wapishi na wahudumu walirudi kulima mihogo. Watasema pia juu ya usalama, na kwamba wapo vijana wa ufukoni wanaowasumbua wageni mpaka wakachoka. Nalo ni kweli. Lakini kijia cha umma chenye taa, kibao na askari wa kaunti kina usalama zaidi kuliko upenyo wa mabati. Naiomba Serikali ya Kaunti ya Kwale pamoja na wizara inayohusika na ardhi wavitoe ramani za zamani, wavihesabu vijia vyote vya kwenda baharini toka Tiwi hadi Msambweni, wavipime, wavitie mawe ya mpaka, na wavitangaze majina yake misikitini na sokoni ili kila mtu avijue. Na safari hizi za baiskeli zinaweza kusaidia, kwani kijana anayepita pale kila siku na wageni ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona bati jipya limesimamishwa. Yule wetu alikuwa akiyajua yote kwa moyo: hiki kilifungwa lini, kile kilikuwa kikiitwaje. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Barabara ya Diani nayo ni hadithi nyingine. Magari yanakwenda mbio, bodaboda zaidi, na mwenye baiskeli husukumwa kwenye changarawe. Juu ya vichwa vyetu niliona ngazi za kamba zimefungwa kutoka mti hadi mti. Kijana akaeleza kwamba ni za mbega, wapate kuvuka bila kugongwa, na kwamba shirika la Colobus Conservation lililoanzishwa mwaka 1997 ndilo linalozifunga. Kazi njema sana, na mbega wale weusi kwa weupe ni pambo la nchi. Nilijizuia nisiseme kwamba mbega wa Diani amepata njia yake kabla yangu. Kisha nikasema. Kijana wa Nairobi alicheka karibu aanguke tena.

Saa sita u nusu tukawa Kongo. Ni nani asiyeujua Msikiti wa Kongo? Pale Mwachema unapoingia baharini, chini ya mibuyu ambayo haikumbatiwi na mtu mmoja wala wawili, msikiti wa mawe ya matumbawe wenye umri wa karne nyingi, na wenyeji wa Diani na Tiwi wanaswali humo hadi leo. Niliogopa kidogo, nasema kweli. Nilifikiri tutapita kama tupitavyo kwenye magofu, picha mbili na twende zetu. Lakini kijana alisimamisha baiskeli mbali, akawaambia wageni kwa upole kwamba sasa ni wakati wa sala na yeye na mzee wataingia, nao wangoje chini ya mbuyu. Wakangoja. Tulitawadha, tukaswali jamaa na wazee wa pale. Nilipovua kofia ngumu na kuvaa ile ya viua, nilihisi nimerudi nchini kwangu.

Baada ya sala akaanza kuwaeleza wageni. Akasema msikiti huu ulijengwa na Waajemi waliokuja kwa majahazi. Akanyamaza, kama kwamba habari imekwisha.

Nikamwomba ruhusa niongeze neno. Nikawaambia kwamba mwaka 2023 wataalamu walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani yetu, Mtwapa na Kilwa zikiwemo. Wakakuta kwamba kiasi cha miaka elfu moja iliyopita damu za Afrika na za Asia zilichanganyika, ile ya Asia kwa sehemu kubwa ikitoka Uajemi kwa upande wa wanaume, na ile ya Afrika, ambayo kwa wengi ilizidi nusu, ikitoka hasa kwa upande wa akina mama. Basi hadithi ya mabibi zetu juu ya majahazi haikuwa uongo. Lakini nusu yake iliachwa. Nani aliyekata matumbawe haya kwenye mwamba wakati wa maji kupwa? Nani aliyechoma chokaa? Mtoto aliyeadhini hapa mara ya kwanza alibembelezwa kwa lugha gani? Mama yake hakuja kwa jahazi.

Wageni walisikiliza. Kijana alinivuta kando akanionyesha karatasi iliyokunjwakunjwa. "Mzee, mimi nilipewa hii niikariri. Ndiyo ninayosema kila siku." Nikaisoma. Mistari minne juu ya Waajemi, mmoja juu ya mibuyu. "Niandikie hayo yako," akasema. Nikakaa juu ya mzizi wa mbuyu, nikaandika nyuma ya karatasi yake kwa kalamu ya risasi mpaka nafasi ikaisha, naye akaomba siku nyingine tufuatane Gazi, kwa Sheikh Mbaruk bin Rashid aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kwa sababu wageni humuuliza juu ya nyumba ile na yeye hana la kuwaambia. Tumeagana Jumamosi ijayo, In shaa Allah.

Betri yangu ilikuwa imebakiwa na alama moja. Kutoka Kongo hadi Ukunda nilikanyaga mwenyewe.