Chumba Kipimwe Kabla ya Spika

Wanunuzi wengi wa spika huanza na ukubwa wa kasha, ilhali chumba ndicho kinachoamua besi. Kasi ya sauti hewani ni kama mita 343 kwa sekunde; chumba cha urefu wa mita 4 huvimbisha mngurumo wa karibu hezi 43, na kikiwa cha mraba, hali huwa mbaya zaidi.

BBC walilijua hilo mapema. Miaka ya 1970 wahandisi wao walihitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali pasipo hata nafasi ya kujigeuza. Wakabuni LS3/5A: kasha lisilo na tundu la besi, kimo cha takriban sentimita 30, besi ya chini kabisa ikiachwa ili sauti ya mtu isikike ilivyo. Kampuni za Rogers, Spendor na Harbeth zilikuwa miongoni mwa zilizopewa leseni ya kuitengeneza. Mpenzi wa sebene la kutikisa madirisha ataiona imepoa, na hatakuwa amekosea.

Kwenye sebule ya vigae na kuta tupu, zulia nene na mapazia mazito mara nyingi husaidia kuliko spika ya bei kubwa zaidi. Na kama tundu la besi liko nyuma ya kasha, spika isogezwe mbali na ukuta.