WIFI YA NYUMBANI, SEHEMU YA 4: "MIMI SINA CHA KUIBIWA"

Baada ya posti ya jana inbox imejaa, na wengi mnasema kitu kimoja: "Nesi, mimi sina cha kuibiwa. Mwizi wa mtandao atachukua nini kwangu, picha za send-off?" Leo najibu, na najibu bila ganzi.

Wodini tunanawa mikono kabla ya kumgusa kila mgonjwa. Hivi mnadhani tunanawa kwa sababu tunaumwa? Mkono mzima kabisa unaweza kutoa usaha wa kitanda namba 3 ukaupeleka kitanda namba 4. Anayesema "mimi siumwi, ninawe nini" ndiye anayetumalizia wodi. Rauta yako ndiyo huo mkono.

Mwaka 2016 kilitokea kirusi kinaitwa Mirai. Hakikuvunja mlango wa mtu. Kilizunguka intaneti kikigonga kamera na rauta za majumbani, kikijaribu orodha fupi ya paswedi za kiwandani: admin na admin, root na 123456. Zilizofunguka zikageuzwa jeshi. Tarehe 21 Oktoba jeshi hilo likaivamia kampuni ya Dyn ya Marekani, Twitter na Netflix zikagoma kwa watu wengi. Wenye kamera zile nao walikuwa "hawana cha kuibiwa".

Na ukizima kifaa ukakiwasha, kirusi kilifutika. Paswedi ikiwa ileile, kinarudi. Huyo mgonjwa tunamjua: unamsafisha kidonda, kesho yupo peku kwenye tope lilelile.

Mimi mwenyewe sijitoi. Fundi alikuja kunifungia intaneti, akanionesha YouTube inacheza, akanywa soda yake, akaondoka. Baada ya miezi minane ndiyo nikafungua setingi. Nikakuta vifaa 14 vimeunganishwa. Nyumbani kwetu tuna vitano. Paswedi ya kuingilia kwenye rauta? admin. Na kwenye mtandao huohuo ipo kamera ya sebuleni, niliyoiweka nimwone mwanangu nikiwa zamu ya usiku. Jamani, nilikaa chini sakafuni.

Sasa niambieni. Nesi akimchoma mgonjwa kwa sindano iliyotumika kwa mwingine, leseni inaondoka, na ni haki. Fundi anaacha paswedi moja nyumba baada ya nyumba, anapongezwa kwa kufanya kazi haraka! Halafu tukiingiliwa tunaambiwa "mteja hakuwa makini". Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vya intaneti vya nyumbani vyenye paswedi moja rahisi kwa wote. Kwa hiyo linawezekana, wauzaji wasitudanganye.

Wakati tunawasubiri, dozi ya leo ni hii:

1. Badilisha paswedi ya kuingilia kwenye rauta. Hiyo siyo ya WiFi, ni nyingine.
2. Ya WiFi iwe ndefu, maneno manne yasiyohusiana. Chagua WPA2 au WPA3.
3. Zima WPS.
4. Apdeti programu ya rauta na ya kamera.
5. Wageni na majirani wape mtandao wa wageni.

Dakika ishirini tu. Fundi akija kwako, asinywe soda kabla hajabadilisha paswedi mbele ya macho yako.

Naingia zamu. Kesho Sehemu ya 5: kamera za watoto.