Kabla ya Mkono, Fundisha Jicho

Hebu simama dakika tano tu kando ya barabara ya James Gichuru, hapa Muthangari, uangalie boda zikipita. Yule aliyeanza juzi utamjua: macho yake yamekwama kwenye gurudumu la mbele. Mzoefu wala haliangalii. Yeye anatazama ile matatu iliyo mbali kidogo, ajue kama itasimama ghafla. Mikono inafuata macho.

Sasa ipeleke picha hiyo katika chumba cha upasuaji. Katika upasuaji wa matundu madogo, daktari hulitazama tumbo la mgonjwa kupitia kamera na skrini, huku mikono ikiongoza vifaa virefu vyembamba. Mwaka 2004, watafiti nchini Kanada walilinganisha macho ya wanagenzi na ya wapasuaji mahiri kwenye mazoezi ya kompyuta. Wanagenzi walikuwa wakiiandama ncha ya kifaa. Mahiri walituliza macho pale walipotaka kugusa, kifaa kikaja chenyewe.

Je, hilo linafundishika? Ndiyo. Mwaka 2011, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwagawa wanafunzi 30 katika makundi matatu. Waliofundishwa mahali pa kutazama walijifunza haraka kuliko waliofundishwa jinsi ya kusogeza mikono, na hata walipoongezewa kazi ya pili hawakuyumba.

Utauliza, mimi hilo lanihusu nini? Siku moja wewe au mama yako mtalala kwenye kitanda hicho. Jopo la jarida la Lancet lilisema mwaka 2015 kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoweza kuulipia. Kanda yetu ina chuo cha wapasuaji, COSECSA, chenye makao Arusha na kilichoanzishwa mwaka 1999, lakini mpasuaji mmoja huchukua miaka mingi kuiva. Hatuna muda wa kupoteza.

Shida iko hapa: mwalimu husema, "Tazama ninavyofanya." Unaiona mikono yake. Macho yake huyaoni, na pengine hata yeye mwenyewe hajui anatazama wapi, maana ameshazoea.

Rai yetu kwa wanaofundisha wapasuaji ni hii: semeni kwa sauti mnapotazama, na kwa nini. Penye pesa, nunueni vifaa vya kufuatilia macho. Pasipo pesa, maneno ni bure. Mazoezi ya mikono yabaki palepale, kwani jicho peke yake halishoni kidonda.

Nawe kijana unayejifunza gereji, saluni au udereva, usione aibu. Fundi akikuambia "angalia hapa", muulize swali moja: "Mkuu, wewe unaangalia wapi?"